Uso wa Jirani Juu ya Altare

Mama yangu ana tabia ya kunitoa sadaka bila kuniuliza. Kanisa letu la mlimani likihitaji kitu, yeye husimama, hukaza khanga kiunoni na kutangaza kwamba binti yake atakifanya. Ndivyo nilivyowahi kuandika namba kwenye mabenchi yote, na ndivyo nilivyowahi kupaka rangi choo cha katekista, mlango na ukuta, rangi ya maziwa. Kwa hiyo siku katekista aliposema baada ya ibada kwamba ukuta wa nyuma ya altare ni mtupu kama wa godauni, na kwamba ni aibu, mimi nilikuwa Same mjini nakula chipsi mayai huku mlimani nimeshajitolea.

Simu ikalia. "Mwanangu, umepata kazi ya Mungu."

"Kazi gani, mama?"

"Ndogo tu. Bikira Maria na Mtoto, na watakatifu wanne. Na dhahabu nyuma."

Naomba nieleze riziki yangu ili mtu aelewe ukubwa wa balaa lenyewe. Mimi ni mchora mabango. Kibanda changu kiko nyuma kidogo ya barabara kuu, upande ambao upepo wa Same unapiga vumbi mpaka kwenye meno. Nachora ng'ombe kwa ajili ya mabucha, vichwa kwa ajili ya saluni, na maneno ya busara nyuma ya bajaji. Kichwa cha binadamu najua kukichora cha aina mbili, kilichonyolewa na kinachosubiri kunyolewa. Nikamwambia mama kwamba sijawahi kuchora mtakatifu hata mmoja.

"Umechora ng'ombe anacheka mlangoni pa bucha," akasema. "Aliyeweza hilo anaweza lolote."

Katekista alishuka mjini wiki hiyo hiyo na mfano wa picha. Ulikuwa ukurasa wa kalenda, ya mwaka ambao ulishakufa zamani. Padre mmoja mzee wa Kiitaliano aliyepita parokiani alimwachia, na mpaka siku hiyo katekista hakuwa ameitoa ukutani kwa sababu picha ya mwezi wa nane ilimpendeza mno. Nyumbani kwake imekuwa Agosti kwa miaka kadhaa sasa. Akanieleza alivyoelezwa na padre: picha yenyewe ni ya mbao, iko Italia, ilichorwa mamia ya miaka iliyopita ikae juu ya altare, na hiyo njano yote inayowaka nyuma ya watu ni dhahabu halisi iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba kuliko karatasi ya sigara.

Niliitazama picha ile siku nne kabla ya kushika brashi, na nitasema ukweli, ilikuwa nzuri mpaka nikakasirika. Mtu yule aliyeichora alikuwa na mkono ambao mimi sina na sitakuwa nao. Mikunjo ya joho la bluu ungedhani ukiishika utasikia baridi yake. Vidole vya Bikira Maria virefu, vimetulia. Kichwa amekiinamisha kulia, macho nusu yamefumbwa, mdomo mdogo umefungwa, kama mtu anayesikiliza maneno asiyoyaamini sana lakini ana adabu ya kutokukatiza.

Lakini mengine yalinishinda kuyaelewa. Mtoto Yesu, kwa mfano, amekaa pajani kwa mama yake akiwa na sura ya mtu aliyekwisha kuwa mwenyekiti wa kijiji vipindi viwili. Mtakatifu Antoni ana nguruwe miguuni. Mtakatifu Petro ana funguo, sawa, hilo najua. Mtakatifu Laurenti ameshika wavu wa kuchomea nyama, na mteja wangu mmoja mwenye bucha akafurahi sana kuona hata mbinguni wana mishikaki. Katekista akamweleza kwamba huo wavu ndio aliochomewa mtakatifu mwenyewe. Mteja akausogelea ukurasa aone vizuri. Kisha akamwona Mtakatifu Lusia, aliyebeba macho mawili kwenye sahani, akaaga bila kuuliza.

Kulikuwa na mtu mwingine tena, kwenye kona ya chini, amepiga magoti, ukubwa wake ni wa paka. Katekista akasema huyo ndiye tajiri aliyegharamia picha. Nikamwacha nje. Nawajua watu wa kwetu. Ukimweka mmoja pale kwa sababu alitoa kitu, kesho ukoo mzima utapanga foleni ukidai nafasi, na aliyetoa kuku atataka awe mkubwa kuliko aliyetoa mayai.

Nikaanza kazi kwa njia ninayoijua, ya miraba. Unachora mistari kwa penseli juu ya ukurasa wa kalenda, kwenda na kushuka, unachora mistari hiyo hiyo kwenye mbao kwa ukubwa unaotaka, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Hutazami uso. Unatazama mraba wa saba kutoka juu, una nini ndani yake: mstari unaoanzia hapa, unaoishia pale. Ukimaliza miraba yote unarudi nyuma hatua tano na kumkuta ng'ombe. Njia hii haijawahi kunidanganya. Seremala wetu alinikatia mbao tano zenye vichwa vilivyochongoka, moja kubwa ya katikati na nne za pembeni, na mimi nikawa nafanya kazi pua iko karibu kugusa rangi, kwa sababu kibanda changu hakina nafasi ya hatua tano. Kina hatua moja na nusu.

Maduara ya utukufu vichwani niliyapiga kwa vyombo vya jikoni. Bikira Maria alipata mfuniko wa sufuria kubwa ninayopikia makande, watakatifu wakapata sahani ya wali, na Mtoto akapata bakuli la uji. Nafikiri hata yule Mwitaliano alifanya hivyo hivyo, ila wao hawasemi.

Dhahabu niliipata kwa fundi wa majeneza, maana mjini hapa hakuna mtu mwingine anayepaka vitu dhahabu kwa dhati. Nilipomwambia nataka makopo yote aliyonayo akavua kofia. "Pole sana," akasema. "Msiba mkubwa?" Nikamwambia ni Bikira Maria na watakatifu wanne. Akaniuliza kama wamepata ajali.

Taabu ya kwanza ilikuwa nyuso. Wale watu wa kwenye kalenda wana ukijani usoni. Katekista alisema padre alimwambia kwamba wachoraji wa zamani walitanguliza rangi ya kijani chini ya ngozi, na miaka ikipita ile ya juu inafifia. Sawa. Mimi nikaiga nilichokiona. Basi kila aliyepita kibandani akawa ananipa pole ya mgonjwa. Mama muuza nyanya akasema huyu mama mwenye mtoto ana nyongo, apewe mwarobaini. Dereva wa bodaboda akasema, "Mpeleke hospitali kwanza, kanisani baadaye." Nikaudhika, nikachukua kopo langu la kahawia, lile la vichwa vya saluni, nikawapaka wote ngozi ya watu wa kawaida. Mistari sikuigusa. Pua, macho, shingo, kila kitu kilibaki palepale Mwitaliano alipokiweka. Nikaona wamependeza na wamepona.

Kupandisha mbao mlimani ilikuwa kazi ya msaragambo, yaani kazi ya wote. Kwetu baragumu likilia, hata mwenye kiuno kibovu anatoka, kwa sababu asipotoka kiuno chake kitajadiliwa mwaka mzima. Gari dogo la mizigo lilitufikisha pale barabara inapokata tamaa, na kuanzia hapo mbao zilikwenda vichwani mwa watu, zimefungwa mashuka ili zisipate mikwaruzo. Mama alitangulia mbele na fimbo akifukuza mbuzi njiani na kupiga kelele, "Polepole! Mmembeba Mama wa Mungu!" Ubao wa katikati ulibebwa na wanawake wanne. Mmoja wao, nyuma kushoto, alikuwa jirani yetu.

Hapa lazima nisimame niseme habari za jirani. Yeye na mama hawakuwa wamesalimiana kwa karibu miaka mitatu. Wanatenganishwa na ua wa masale tu, na shamba la tangawizi la huyu linagusana na maharage ya yule, lakini mama akitoka kwenda dukani alizunguka njia ya juu ili asipite mlangoni pa mwenzake. Chanzo ni maji. Kule kwetu maji ya mfereji yanakusanywa kwenye bwawa dogo tunaloliita ndiva, asubuhi linafunguliwa, na kila kaya ina siku yake ya kumwagilia. Bwana maji wa zamani, aliyekuwa na zamu zote kichwani, alifariki bila kuziandika popote. Baada ya matanga yake mama akasema Jumanne ni yake. Jirani akasema Jumanne ni yake. Watu wengine wangegawana asubuhi na mchana, wakaendelea na maisha. Lakini sisi ni Wapare. Inasemwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na ingawa nakasirika nikisikia utani huo kutoka kwa watu wa makabila mengine, sijawahi kupata ushahidi wa kuupinga. Kesi ya Jumanne ilienda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikaenda baraza la kata, ikarudi, ikaenda tena. Mama alikuwa na mfuko wa plastiki wa karatasi za kesi, anaulaza chini ya mto.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, katekista akavuta shuka. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwenye dirisha la mashariki, likaipiga ile dhahabu ya majeneza, na kanisa zima likageuka njano. Watu wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Akina mama wakaanza vigelegele. Mama yangu alisimama pale mbele, amejitanda khanga mpya, uso umemjaa, na akageuka kunitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mama yangu. Ilidumu muda wa kupumua mara mbili.

Kisha bibi mmoja wa benchi la mbele, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo husema kwa sauti, akauliza kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, "Na yule amepandaje pale?"

Vigelegele vikakatika. Watu wakaitazama picha. Kisha, safu moja baada ya nyingine, wakageuka kutazama benchi la tatu kushoto, alipokaa jirani yetu. Naye alikuwa amekaa kama anavyokaa siku zote kanisani, kichwa ameinamisha kulia, macho nusu yamefumbwa, mdomo mdogo umefungwa.

Nikarudi nyuma hatua tano, za kwanza tangu nianze kazi ile, na nikamwona. Uso ule niliuona kila asubuhi ya utoto wangu ukichungulia juu ya masale, ukiuliza kama tuna moto jikoni. Ilikuwa pua yake, ndefu iliyonyooka, na shingo yake. Hata ule mdomo wa kutoamini ulikuwa wake. Naapa sikumchora yeye. Nilimchora mwanamke wa Kiitaliano, mraba kwa mraba, na kopo moja la kahawia likamrudisha kijijini kwetu. Hakuna aliyeniamini, na kwa kweli hata mimi ningekuwa wao nisingejiamini.

Mama alitangulia njiani. Nyumbani akachambua maharage, akakoka moto. Makande yalipoanza kuchemka ndipo akaweka mwiko chini.

"Nimekubeba mgongoni," akasema. "Nimekununulia rangi za kwanza kwa tangawizi yangu. Halafu unampandisha yule juu ya altare, na kila Jumapili mimi nimpigie magoti?"

"Mama, si yeye. Ni picha ya zamani."

"Ana zamani gani yule? Nimemzidi miezi minne."

Nilibaki mlimani wiki ile, kwa sababu Jumapili nyingine padre wa parokia angekuja kuibariki picha, na kwa sababu niliogopa kumwacha mama na hasira zake. Kijiji hakikumsaidia. Jumatatu jirani alionekana amejifunga khanga ya bluu. Jumanne alikuwa na bluu nyingine kichwani. Akawa anatembea polepole, anaitikia salamu kwa kuinamisha shingo. Wahuni wa kijiweni wakaanza kumwamkia "Salamu Maria" badala ya shikamoo, mpaka katekista akaenda kuwakemea, na inasemekana jirani alimwambia katekista asihangaike, yeye hajakwazika.

Jumatano mama akafungua kesi. Wazee wa kanisa walikaa watano kwenye benchi moja, chini ya picha. Mama alikuwa mlalamikaji na mimi mshitakiwa. Jirani aliitwa kama kielelezo, akaambiwa asimame kando ya altare, na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi akamwomba ainamishe kichwa.

"Upande upi?" akauliza jirani.

"Upande wako wa kawaida."

Akainamisha. Wazee wakatazama picha, wakamtazama yeye. Mmoja akajipiga alama ya msalaba, nadhani bila kukusudia.

Nilijitetea. Nikatoa kalenda, nikaeleza habari ya miraba. Wakaipitisha kalenda mkono kwa mkono, wakaligeuza hilo jambo juu chini kwa saa nzima, maana kwetu kesi inayoisha mapema ni dharau kwa waliokuja kusikiliza. Mwishowe mzee wa miwani akasimama kutoa uamuzi. Alisema picha ilichorwa Italia mamia ya miaka kabla jirani hajazaliwa. Kwa hiyo picha haikufanana na jirani. Jirani ndiye aliyefanana na picha. Kama kuna kosa la kuiga, aliyekosa ni jirani, na kwa kuwa aliiga akiwa bado tumboni, anasamehewa. Picha ibaki. Hata hivyo mchoraji, akitaka kwa hiari yake, anaweza kurekebisha uso kabla padre hajafika.

Mama akakunja khanga yake. "Basi mimi nahamia kwa Walutheri."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana namjua. Walutheri wako chini kidogo ya mlima, watu wema, kuta zao nyeupe hazina picha hata moja, na binamu yake mama anaimba kwaya kule. Lakini mama alibatizwa kwenye kanisa letu, akafunga ndoa mbele ya altare ile ile, na jeneza la baba lilitokea mlango ule ule. Kila Jumapili ya maisha yake amekaa benchi moja. Nilijua akishuka mara moja hatarudi tena, kwa ubishi tu, na atazeeka akiimba nyimbo asizozijua miongoni mwa watu wanaomwita mgeni. Na sababu itakuwa mimi. Jioni ile aliniambia waziwazi: kama Jumapili uso ule upo, yeye hayupo.

Jumamosi asubuhi nikachukua brashi zangu nikaenda kanisani kuufuta. Nitasema jinsi nilivyojisikia, kwa sababu sikumwambia mtu wakati ule. Niliumia. Ulikuwa uso mzuri kuliko chochote nilichowahi kuchora, na sikujua nitaweka nini mahali pake isipokuwa kichwa cha saluni.

Wiki ile usafi wa kanisa ulikuwa zamu ya jumuiya ya jirani. Nilimkuta peke yake, amepiga magoti nyuma ya benchi la mwisho, anafuta miguu ya mabenchi kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifuta?"

"Nimekuja kurekebisha kidogo."

"Fanya tu. Wiki nzima nimekaa juu, inatosha. Shingo inaniuma."

Akacheka, lakini hakucheka sana, akarudi chini kwenye mabenchi yake. Mimi nikaingia sakristia, kile chumba kidogo cha pembeni ya altare, kuchanganya rangi. Nilikuwa bado nakoroga niliposikia hatua ninazozijua. Mama alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba kazi inafanyika. Mlango wa sakristia ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikamwona akipita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama chini ya picha. Tangu ile Jumapili hakuwa ameitazama kwa karibu. Akaitazama.

"Unanitazama nini?" akaiambia, kwa Chasu.

Picha haikujibu. Mama akaweka mikono kiunoni.

"Jumanne ni yangu. Unajua ni yangu. Marehemu bwana maji alisema mbele yetu sote wawili, tumesimama pale kwenye mgomba, na wewe ulikuwa umebeba ndoo nyekundu. Usijifanye umesahau."

Akaishusha mikono. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, na ilinibidi nisimamishe mkono wangu kwenye kopo ili nisikie.

"Na hata kama si yangu, ungekuja ukaniambia. Ungepita tu penye masale ukaniita. Nilipofiwa na mume wangu ulilala sakafuni kwangu matanga yote, ulininyoosha miguu ilipokufa ganzi. Leo ni mwaka wa tatu hata salamu hunipi. Na mimi sikupi. Asubuhi natazama moshi wa jikoni kwako, ndiyo najua umeamka. Siku moshi unachelewa natembea huku na huku uani mpaka niuone. Sasa huo ni uadui gani? Nimechoka."

"Chukua Jumanne," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya jirani, kwa Chasu, imetoka chini ya mabenchi, ikagonga ukuta wa mbele na kurudi. Mama hakujua kuna mtu nyuma. Alichokiona yeye ni uso ulio mbele yake, na alichokisikia ni sauti ya uso huo. Akaenda chini. Sijawahi kumwona mama akipiga magoti kwa kasi ile, mwanamke wa umri wake, puu! kwenye saruji.

"Chukua na Ijumaa kama unataka," sauti ikaendelea. "Kwangu maharage yameshakauka."

"Mama Mtakatifu," mama akasema, akijipiga alama ya msalaba mara tatu, "nisamehe. Sikujua kama unasikia Kipare."

Kitambaa kikaanguka ndani ya ndoo. Jirani akainuka taratibu kutoka nyuma ya benchi la mwisho, magoti yamelowa, khanga ya bluu imejaa vumbi. "Ni mimi," akasema.

Mama hakugeuka. Alibaki pale chini ametazama mbele. Nikaona mabega yake yanavyopanda na kushuka, na kwa muda nilifikiri sasa ndiyo tumefika mwisho, sasa atatoka hapa moja kwa moja mpaka kwa Walutheri bila hata kupitia nyumbani. Jirani naye alisimama pale pale, mikono inadondosha maji, hajui asogee au akimbie.

"Usisimame hapo kama nguzo," mama akasema mwishowe, bado ametazama mbele. "Njoo uniinue. Magoti yamekataa."

Jirani akaja. Akamshika chini ya makwapa, akavuta, na kwa kuwa wote wawili si wepesi, badala ya kuinuka wakaangukia kwenye ngazi ya altare, wakakaa hapo bega kwa bega. Mmoja akaanza kulia na mwingine akaanza kucheka, halafu wakabadilishana. Mimi nililia ndani ya sakristia, juu ya rangi, na sioni haya kusema.

Nilipotoka na kopo langu mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Na wewe unataka nini?"

"Uso, mama. Nibadilishe?"

Wakageuka wote wawili wakautazama, muda mrefu, vichwa nyuma.

"Usiguse," mama akasema. "Pua tu ndiyo umempendelea."

"Pua yangu ni hiyo hiyo," akasema jirani.

"Si yako."

"Ni yangu. Waite wazee waipime."

"Na waitwe."

Nikafunika kopo langu, nikakusanya brashi. Nikawaacha pale kwenye ngazi wameshikana mikono, wanapanga mashahidi.